Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Tupime kwa pamoja theluji ya Kibo, mvua ya msituni na maji ya mito

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima, naomba uhusike na mada iliyotajwa hapo juu. Ninaandika nikiwa mkazi wa Kibosho ambaye riziki yake inatoka mlimani kwa njia mbili: naongoza watalii wanaopanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na nyumbani nina kihamba cha kahawa na migomba kinachonyweshewa kwa zamu ya mfongo, yaani mfereji wa jadi unaoleta maji ya mto. Ombi langu ni kwamba mkoa wetu uwe na mpango wa kudumu wa kupima theluji, mvua na mtiririko wa mito kuanzia kileleni hadi tambarare, na kwamba vipimo hivyo vitangazwe kwa wananchi kila mwezi, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Habari za barafu ya Kibo zimesemwa sana duniani, na baadhi yake zimethibitika. Mwaka 1912 barafu ya kudumu ilifunika takribani kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 zilibaki chini ya 2, maana yake asilimia 85 hivi ilikuwa imekwisha. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson, ambao walichoronga barafu hiyo mwaka 2000, walikadiria kwamba itatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ingawa imekatika vipande vipande na inaendelea kupungua, na UNESCO ilieleza mwaka 2022 kwamba inatarajiwa kutoweka kufikia mwaka 2050. Sitaji makadirio hayo kwa nia ya kuwakosoa wataalamu, maana kazi yao ndiyo iliyotufungua macho. Ninayataja kwa sababu kila kadirio hutegemea vipimo vilivyopo, na vipimo vingi vya kule juu vimetokana na juhudi za wageni wanaokuja na kuondoka. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa na Douglas Hardy wa University of Massachusetts juu ya barafu ya upande wa kaskazini mnamo Februari 2000 kimeongeza maarifa mengi. Ni haki pia, kwa mlima ulio wetu, sisi wenyewe tuwe na daftari la kudumu.

Jambo moja ambalo vipimo vya kileleni vimeonyesha ni uzito wa theluji ya msimu katika uhai wa barafu ya kudumu. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Masika au vuli ikipita bila theluji ya kutosha, barafu ya zamani, iliyochafuka kwa vumbi, hubaki wazi, hunyonya jua, na katika hewa kavu ya urefu ule sehemu kubwa yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kwa hiyo anayetaka kujua hatima ya barafu hana budi kujua theluji imeanguka lini, imefikia kina gani na imedumu siku ngapi.

Kuhusu maji, Mheshimiwa, naomba kusema wazi jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia. Vijijini kwetu imezoeleka kusema kwamba mito inapungua kwa sababu barafu ya Kibo inakwisha. Utafiti hauungi mkono imani hiyo. Maji ya Kikafu, Weruweru, Karanga na mito mingine ya upande wa kusini, pamoja na chemchemi tunazozitegemea, hutokana kwa sehemu kubwa mno na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, na mvua huwa nyingi zaidi katika mwinuko wa mita 2,000 na ushei. Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, ameeleza jinsi moto ulivyoteketeza msitu wa juu kabisa, ule unaonasa ukungu na kuugeuza matone, na kwamba hasara hiyo kwa maji yetu ni kubwa kuliko hasara ya barafu kuyeyuka. Tuliushuhudia moto huo Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022.

Nimelitaja hili kwa sababu mpango ninaouomba ukipima kileleni peke yake utatupa picha nzuri na majibu pungufu. Huko magharibi mwa Marekani, ambako theluji ya majira ya baridi ndiyo ghala la maji ya kiangazi, James Church alianza mwanzoni mwa karne ya 20 kupima theluji ya Mount Rose, katika jimbo la Nevada, kwa bomba linalozamishwa hadi ardhini na kisha kupimwa uzito, kwa kuwa kina peke yake hakisemi ni maji kiasi gani yamo. Leo milima ya eneo lile ina zaidi ya vituo 800 vinavyotuma taarifa vyenyewe, na wakulima, wasimamizi wa mabwawa na wapandaji milima wanazisoma taarifa hizohizo. Mlima wetu haufanani na ile, na ghala letu ni msitu. Tunachoweza kuchukua kutoka kwao ni nidhamu ya kupima mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka, na kuweka matokeo hadharani.

Upande wa utalii, hali ya theluji hubadilisha kazi yetu usiku kwa usiku. Kati ya kambi iitwayo Barafu na Stella Point, ukingoni mwa kreta, tunapanda usiku kwa sababu, pamoja na mengine, kokoto zilizoganda hushika mguu. Zikikauka huteleza, na mgeni huchoka kabla ya alfajiri. Theluji mpya nayo hufunika njia, na anayeongoza hulazimika kutangulia akichoma fimbo mbele kila hatua. Kwenye njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo, barafu inayoshikilia mawe ikilegea, mawe huporomoka. Januari 2006 watalii watatu kutoka Marekani walipoteza maisha huko. Yapo pia maji ya kambini. Kambi ya Barafu, iliyo mita 4,673, haina maji. Kijito cha bonde la Karanga ndicho cha mwisho kabla ya kufika huko, na wagumu, yaani wapagazi, huyabeba kutoka pale, ndoo kichwani au madumu mgongoni, wakipanda kwa saa kadhaa ili mgeni apate chai na supu. Kiangazi kijito hicho hupungua hadi wanasubiriana kukinga. Taarifa za hali hii leo zinapitia kwenye simu za waongoza watalii, rafiki kwa rafiki, na asiye na rafiki juu hupanda bila kujua.

Kazi ninayoipendekeza haihitaji mitambo mingi kwa kuanzia. Nguzo zenye alama za sentimita zisimikwe kwenye kambi za Shira, Kibo Hut na Barafu na ukingoni mwa kreta. Waongoza watalii hupita hapo karibu kila siku ya mwaka, na wakifundishwa wanaweza kusoma kina, kupima uzito wa theluji kwa bomba na kuandika. Vipimamvua viwekwe kwenye mageti ya Machame, Umbwe na Marangu, na hasa ndani ya msitu kwenye miinuko tofauti, ambako kazi ni ngumu na faida ni kubwa zaidi. Picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo hupatikana bila malipo kila baada ya siku 5, zionyeshe ukubwa wa eneo lenye theluji pale mawingu yanaporuhusu. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720, kwa hiyo vipimo kutoka mlimani vinaweza kushuka siku hiyohiyo.

Mto upimwe pia kwenye banio la mfongo, pale maji ya mto yanapochepushwa. Kiangazi kikikaza, hasa Januari na Februari, zamu hufupishwa, na watu huamka usiku wa manane na jembe mkononi kwenda kufungulia maji, wakakuta mfereji mtupu. Wa chini humshuku wa juu kwamba ameziba. Wa juu huapa kwamba hata kwake hayakufika. Kama ubao wa kina ungesimama kwenye banio, na kamati ikasoma kila asubuhi, ugomvi mwingi ungeishia kwenye daftari badala ya kufika kwa mtendaji wa kijiji. Mkulima wa mpunga wa skimu ya Lower Moshi na mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, huko tambarare, nao wangejua mapema mwaka utakuwaje, badala ya kushtukia.

Bodi ya Maji Bonde la Pangani ina ofisi hapa Moshi na hupima mito. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inao wataalamu wa mvua. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inasimamia njia zote za kupandia. Wewe, Mheshimiwa, una uwezo wa kuwaita mezani pamoja na wawakilishi wa waongoza watalii, wagumu na kamati za mifongo. Umoja wa Mataifa umeitenga Machi 21 kuwa Siku ya Barafu za Milimani Duniani kuanzia mwaka 2025, na kwetu siku hiyo huangukia mwanzoni mwa masika. Ninaomba kikao hicho kiitishwe kabla ya tarehe hiyo, ili nguzo na vipimamvua vya kwanza viwe vimesimama mvua zitakapoanza. Niko tayari kushiriki na kuitumia kila safari yangu ya mlimani kusoma vipimo, bila malipo.

Naomba kuwasilisha.

Mwongoza watalii na mtumiaji wa mfongo,
Kibosho, Moshi