Dinna za melini

Dodoma, Area C
Jumapili jioni

Mama Neema mwenzangu,

Za Singida? Huku ni upepo na vumbi tu, nguo nikianua inabidi nikung'ute upya. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili nikacheka peke yangu jikoni, eti "kwani huko melini hakuna chakula mpaka tubuku mgahawa?" Chakula kipo mwaya, tena kipo mpaka kinakera. Ila hilo swali lako la maana, mimi ningeliuliza mwaka jana kwenye safari yangu hela ya mwanangu Baraka isingeenda kizembe vile.

Iko hivi. Tiketi ya meli ya kitalii aliyokukatia Neema ina chakula ndani. Kuna bufee, unajipakulia mwenyewe, na kuna ukumbi mkubwa mnakaa mezani mnaletewa menyu, ukitaka sahani mbili za samaki unaletewa na hakuna anayekuandikia bili. Sasa pembeni ndo kuna vimgahawa vya kulipia, cha steki, cha Kitaliano, cha Kijapani wale wanaopika mbele yako kwenye bamba la chuma huku wanarusha mayai juu kama watoto wanachezea mpira. Viti vyake vichache, ndo maana watu wanabuku kwenye ap ya meli hata miezi kabla ya safari, na bei ya mapema mara nyingi inakuwa nafuu kuliko ukisubiri mpaka umeshapanda.

Baraka akaniambia mama chagua. Nikachagua nne! Safari yenyewe siku saba. Moja dola 45 kwa kichwa, juu yake wanaongeza asilimia 18 ya huduma, na waini haimo, unalipia kivyake. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilikuja kuipiga nimesharudi nyumbani nikakosa usingizi.

Ya kwanza ilikuwa steki. Nikaletewa kipande kinene kama Biblia, kukata tu, ndani wekundu, maji mekundu yanatambaa mpaka kwenye viazi. Nikamwita kijana, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni iive, iive kabisa. Akatabasamu, akaichukua, ikarudi imesinyaa kama soli ya kiatu. Nikala kimya kimya naiwazia Jumamosi ya mnada wa Msalato, mbavu zinatoka motoni mafuta yanadondoka, chumvi na pilipili pembeni, na umelipa hela inayoeleweka.

Ya pili ndo iliniuma. Nimekaa kwenye kile cha Kitaliano nalipia tambi, mama mmoja jirani yetu wa chumba anapita kutoka ukumbini kapendeza na gauni refu, ananiambia leo ukumbini wametoa kambakochi. Kambakochi, Mama Neema! Tena wa bure! Kumbe ule usiku wa kuvaa rasmi meli nyingi ndo wanawatoa, na mimi nimejifungia huko na tambi. Kwa hiyo kabla hujabuku chochote mwambie Neema aulize usiku wa kuvaa ni upi, huo muuache kabisa.

Ya tatu niliilipia bila kuila. Siku hiyo tulienda Roma, na meli haiingii Roma bwana, inatia nanga Civitavecchia, kama kilomita 80 hivi, tukarudi jioni miguu imevimba, dinna saa kumi na mbili na nusu, nikasema ngoja nijinyooshe kidogo. Kushtuka saa tatu. Hukufika, hukukansel mapema, unakatwa vile vile. Baraka akaenda kaunta kulalamika, wakamjibu kwa heshima zote na hela hawakurudisha.

Ya nne, ya Kijapani, hiyo siwezi kudanganya, nilifurahi. Wali wao wa mayai ni moto moto na yule mpishi alinirushia kipande cha uduvi nikakidaka kwa mdomo, meza nzima wakapiga makofi. Baraka anayo video, usimwombe.

Kwa hiyo nyie bukuni moja tu, hiyo ya Kijapani kama ipo, na iwe siku meli inashinda baharini, hamna kukimbizana na basi. Au jioni ya kwanza, wengi bado wanatafuta vyumba vyao na mara nyingine wanatoa punguzo. Mkikuta imejaa msihangaike, ulizeni tena mkiwa ndani, watu wanakansel. Na Baba Neema kama bado hali nguruwe liandikeni hilo mapema wakati wa kubuku, wale jamaa wanatia kwenye vitu usivyotegemea.

Neema asilipe kwanza. Nitumie skrinishoti ya hiyo menyu tuangalie wote. Na ukipata mtu anakuja Dodoma wiki hii nifungie lita tano za alizeti, ya dukani imenishinda.

Wako,
Mama Baraka