Msinunue prosesa kwa kutazama namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenzangu wa Unguja na Pemba wanaotunza kompyuta za miaka ya 1980: msinunue prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha kompyuta, kwa sababu tu imeandikwa namba kubwa ya kasi. Chipu ya megahezi 8 ikitiwa kwenye IBM PC ya 1981 itakwenda megahezi 4.77 vile vile, maana mwendo unapangwa na kristali, kipande kidogo kinachotoa mapigo, iliyo ubaoni. Kristali hiyo ya megahezi 14.318 nayo isiguswe, kwani ndiyo inayoendesha saa ya mashine na rangi za skrini. Ukitia ya kasi zaidi, saa itakimbia na rangi zitavurugika.

Kinachosaidia kweli ni prosesa ya NEC V20. Ina miguu 40 kama Intel 8088, prosesa ya asili ya IBM PC, na inakaa pale pale, ila kazi nyingi inazimaliza kwa mapigo machache, hasa kuzidisha na kukokotoa anwani za kumbukumbu. Tarajia nafuu ya asilimia 10 au 20 hivi, kwa sababu njia ya kupitishia data inabaki biti 8 kwa mara moja. Mashine yenye prosesa ya Intel 8086 inataka NEC V30.

Ukibadilisha chipu, zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha uondoe umeme tuli. Wekea alama ubaoni upande wenye pengo dogo la chipu. Chipu ikikaa kinyume, mguu wa volti 5 unaangukia wa ardhi, inaungua papo hapo. Pitisha bisibisi bapa nyembamba baina ya chipu na soketi, si chini ya soketi, kwani huko utakwangua njia za shaba. Inua ncha moja kidogo, hamia ya pili, urudi tena. Miguu ya chipu mpya huja imetanuka, basi ilaze ubavu mezani uisukume taratibu mpaka inyooke. Ukishaikandamiza mulika tochi: mguu mmoja uliojikunja chini unatosha mashine isiwake.

Hewa yetu ya chumvi hutia weusi kwenye soketi. Isafishe kwa spiriti, ikauke kabisa, kabla hujailaumu chipu.

Kama 8088 imechomewa bila soketi, usiing'oe nzima nzima. Kata miguu yote, yeyusha risasi uvitoe vipande kimoja kimoja, kisha chomea soketi ya miguu 40. Chipu ya zamani itakufa, lakini ubao utapona, na ubao ndio mgumu kupatikana.

Fundi wa kompyuta,
Mlandege, Unguja