Daktari anakuja Jumamosi

Wazazi, habari za jioni. Daktari wetu wa watoto amekubali kuja tena Jumamosi, bila malipo kama kawaida yake. Mchana yuko wodini, usiku yuko kwenye utafiti wa kisukari aina ya 1. Sijui analala saa ngapi. Mara iliyopita alipiga magoti sakafuni akajichoma kidole yeye kwanza kupima sukari, ndipo yule mdogo aliyekuwa akilia akanyoosha mkono.

Atatueleza pia kuhusu teplizumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani 2022. Haiponyi, ila huchelewesha kisukari hicho kuanza.

Njooni na madaftari ya vipimo vya sukari. Na kama kuna mtoto nyumbani ameanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa kitandani na kukonda, hizo huweza kuwa dalili za kisukari, msingoje Jumamosi. Mpelekeni hospitali leo hii.