Risala ya Madereva wa Zimamoto kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Kutoa Taarifa na Kupitia Ajali za Magari ya Kazini

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Zimamoto na Uokoaji,
Wakuu wa vituo,
Wakufunzi wetu,
Askari wenzetu, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua umezoea kuitwa gari jipya linapokabidhiwa, pale penye utepe na wapiga picha. Leo tumekuita tuzungumze habari za magari yaliyobonyea, na umekuja. Ahsante sana.

Mafunzo tunayoyafunga yalikuwa ya siku 5. Washiriki tulikuwa madereva, waendesha pampu na maofisa wanaokaa kiti cha mbele pembeni ya dereva. Hawa wa mwisho walishangaa kidogo kuitwa, tutaeleza mbele kwa nini waliitwa.

Tunaomba ugeuke utazame nguzo ya kushoto ya mlango wa karakana, hapo nyuma yako. Kwa mbali ni nguzo nyeupe tu. Ukiisogelea, kwenye usawa wa nyonga ya mtu mzima, utaona kovu jekundu lenye urefu wa kiganja. Siku ya pili ya mafunzo mkufunzi alilikwangua kwa ufunguo wake huku sisi tukitazama. Chini ya wekundu ikatokea chokaa, chini ya chokaa wekundu mwingine, kisha chokaa tena, halafu wekundu wa tatu uliokwisha kupauka. Akapangusa ufunguo kwenye suruali, akauliza taarifa za ajali hizi tatu ziko kwenye faili gani. Hakuna aliyejibu. Kitabu cha matukio hakina hata moja.

Ukweli tunaujua. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa na mahali pake, nyuma ya madumu ya povu. Aliyegusa nguzo usiku, kufika alfajiri alikuwa ameshapiga msasa na kupitisha brashi, na aliyepokea zamu alitia saini kwamba gari ni zima. Safari ya nne nguzo haikugongwa peke yake. Mwenzetu aliyekuwa akiongoza rivasi alibanwa mkono kati ya nguzo na ngazi ya gari, akavunjika kiwiko. Ajali hiyo ndiyo ya kwanza kuandikiwa fomu, na kwenye kisanduku kinachouliza kama tukio la aina hii limewahi kutokea mahali hapo, jibu lililoandikwa lilikuwa: "Halijawahi."

Hatukuwa tukificha kwa kupenda uongo. Fomu ya ajali, kwa tulivyoizoea, ilikuwa mlango wa barua ya kujieleza. Umejaza asubuhi, mchana umeitwa, mwisho wa mwezi unakatwa bei ya taa. Aliyenyamaza hakupatwa na lolote. Kwa utaratibu wa namna hiyo, mwenye akili timamu atachagua kopo la rangi.

Tulichojifunza kwanza ni kwamba kila mguso unaandikwa. Bampa limegusa ukuta, kioo cha pembeni kimekwaruza tawi, tairi limepanda ukingo wa barabara, vyote vinaandikwa kabla zamu haijaisha. Tumeongeza na fomu fupi ya nusu ukurasa kwa yale tuliyoponea chupuchupu, ambayo askari wameshaibatiza jina la "chupuchupu", na tunadhani jina hilo litadumu kuliko lile refu lililochapwa juu yake.

Pili, mpangilio wa mambo ajali inapotokea tukiwa njiani kwenda kwenye tukio. Zamani wengi wetu tulidhani wajibu ni kuendelea, kwa kuwa kuna nyumba inaungua. Sasa tunafahamu kwamba gari linasimama, majeruhi wanaangaliwa, na chumba cha mawasiliano kinaarifiwa papo hapo ili gari jingine litumwe kule tulikokuwa tunakwenda. Sentensi hiyo moja ya redioni, kwamba "hatutafika, tuma mwingine", ni ngumu kuitamka kuliko mtu anavyofikiri. Tumeifanyia mazoezi kama tunavyofanyia mazoezi kuunga mipira. Baada ya hapo ndipo zinakuja picha za magari yalivyosimama kabla hayajasogezwa, alama za matairi, hali ya barabara, majina ya mashahidi, na kama king'ora na vimulimuli vilikuwa vimewashwa. Kila askari aliyekuwemo anaandika maelezo yake peke yake kabla ya kuketi na wenzake. Watu sita wakishapiga soga kwa nusu saa watatoka na hadithi moja nzuri, na hadithi nzuri haimsaidii mchunguzi.

Polisi wana taarifa yao na bima wana yao. Hii ya kwetu haichukui nafasi ya hizo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuvumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tulipofunguka macho. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Gari lenye tangi la lita 4,000 limebeba tani 4 za maji, na maji hayakai kama mzigo wa matofali. Tangi likiwa nusu, ukikata kona yanahamia upande mmoja, ukifunga breki yanakimbilia mbele na kulisukuma gari. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki, ameshapita mita 25 kabla breki haijaanza kushika. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne.

Sasa tupime faida. Safari ya kilomita 3 kwa mwendo wa 60 ni dakika 3. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 2 na sekunde 15. Tumeokoa sekunde 45, tena kwenye karatasi, maana barabarani kuna kona na makutano. Askari mmoja mkongwe alisema sekunde 45 ni muda anaoutumia kutafuta glavu zake. Tulicheka, lakini mkufunzi aliiandika ubaoni na haikufutwa hadi jana.

Jambo lililotuchukua siku nzima, na lililozua ubishi mkali kuliko yote, ni tofauti ya maswali mawili. La kwanza ni nani mkosaji. La pili ni kama ajali ilikuwa inaepukika. Tulikuwa tukiyachukulia kuwa kitu kimoja.

Mfano tuliopewa ni wa makutano. Gari letu linakuja na king'ora, taa kwetu ni nyekundu. Gari dogo upande wa pili lina taa ya kijani, vioo vimefungwa, redio inaimba, na jengo la kona limeziba sauti na vimulimuli vyetu hadi tumeshafika. Tunaingia, linatugonga ubavuni. Sheria inaweza kusema yule alipaswa kupisha, na mahakama ikatupa haki. Lakini kamati ya kupitia ajali inauliza swali jingine: je, dereva wetu alisimama kabisa kwenye taa nyekundu, akahakikisha kila njia imempisha, ndipo akaingia? Kama hakusimama, ajali ilikuwa inaepukika, hata kama hatuna kosa mbele ya hakimu. King'ora kinaomba njia tu. Wa kuitoa ni yule mwenye vioo vilivyofungwa, naye hajasikia.

Kuna na ile ya gari la pili. Magari mawili yanafuatana, mwananchi anapisha la kwanza, anadhani yamekwisha, anarudi barabarani mbele ya la pili. Wanne kati yetu walinyoosha mikono kwamba limewahi kuwatokea au kuwakosakosa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameliandika.

Hapo ndipo wanapoingia maofisa wa kiti cha mbele. Kamati ikiuliza ilikuwa inaepukika vipi, haimuulizi mshika usukani peke yake. Nani alitoa ruhusa ya gari kuondoka kabla mikanda haijafungwa? Nani alikuwa na redio mkononi wakati makutano yanakaribia? Kwenye rivasi, nani alibaki kitini badala ya kushuka kuongoza? Dereva akipoteza kumwona mwongozaji kiooni anasimama, na ofisa ndiye wa kwanza kulidai hilo. Wapo maofisa waliotoka kwenye kipindi hicho wamenuna kidogo, lakini kesho yake walirudi wote.

Tulitazama pia wanavyofanya wengine. Wenzetu wa anga wana Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, kinachosema kwamba lengo la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, na kwamba kugawa lawama si kazi yake. Kwa upande wa zimamoto, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilianza mwaka 1998 kuchunguza vifo vya askari wa zimamoto waliokufa wakiwa kazini, na ripoti zake hazimtaji marehemu kwa jina wala hazitafuti wa kumbebesha. Zinasimulia kilichotokea kisha zinapendekeza. Huko Marekani, kwa miaka mingi, moyo umekuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya askari wa zimamoto kazini, na ajali za magari zimekuwa zikifuata. Askari wengi wamekufa bila kuuona moto waliokuwa wakiuendea. NFPA, chama cha nchi hiyo cha kinga dhidi ya moto, kupitia kiwango chake cha mwaka 2009 kilitaka magari mapya yafungwe kifaa cha kurekodi mwendo, breki na mikanda ya viti.

Kwa mafanikio, hatuna mengi ya kutamba nayo, ila machache tunayo. Kamati ya kupitia ajali imeundwa, na humo yumo dereva wa cheo cha kawaida, fundi wa karakana, mkufunzi, na ofisa kutoka kituo kingine ili tusijitazame wenyewe kwa wenyewe. Tangu tuanze, fomu za chupuchupu zimejaa folda. Ukiambiwa matukio yameongezeka, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba usishtuke. Yalikuwepo, yalikuwa chini ya rangi. Na sakafuni, mbele ya nguzo ile, tumechora mstari wa njano unaomwonyesha dereva tairi lake la nyuma lipite wapi. Gharama yake ilikuwa kopo moja la rangi, safari hii kwa kazi halali.

Tunazo changamoto ambazo haziko kwenye uwezo wetu, na ndizo tunazokuletea.

Kubwa kuliko zote ni meza. Kamati inayopitia ajali ili tujifunze na kamati ya nidhamu zinakaa meza moja, wenyekiti ni yuleyule na faili ni lilelile. Tunaomba zitenganishwe kwa maandishi yenye saini. Hatuombi kinga kwa aliyelewa, aliyeficha kwa makusudi, au aliyekiuka amri akijua. Hao waende kwenye nidhamu na sisi tutakuwa wa kwanza kuunga mkono. Tunachoomba ni kwamba maelezo aliyoyatoa dereva kwa uaminifu, saa chache baada ya ajali, mikono ikiwa bado inatetemeka, yasigeuzwe barua ya kumkata mshahara. Tuliahidiwa kwa mdomo, na tunamheshimu aliyeahidi, lakini wakuu huhama vituo na ahadi ya mdomo huhama nao.

Pili, majibu yarudi. Fomu ikiingia kabatini na isitoke, ya pili haitaandikwa. Tunaomba kila ajali iliyopitiwa itolewe muhtasari wa ukurasa mmoja usio na majina, ubandikwe kila kituo ndani ya siku 30, ukieleza nini kimebadilishwa, na kama hakuna kilichobadilishwa, kwa nini.

Tatu, vifaa vya kurekodi mwendo. Tunajua ni ghali, na tunajua baadhi ya wenzetu wanaviona kama mpelelezi ndani ya gari. Tulijadili na tukapiga kura. Wengi walivikubali, kwa sharti kwamba rekodi zitumike pia kumtetea dereva pale mashahidi wanapoapa kwamba alikuwa akipaa.

Nne, aliyepata ajali apumzishwe usukani kwa muda na apate wa kuzungumza naye, na kupumzishwa huko kusiandikwe kama adhabu. Kipimo cha ulevi baada ya ajali kiwe cha kila dereva bila kubagua cheo, ili kisiwe tusi kwa yeyote.

Tunawashukuru wakufunzi wetu kwa subira, hasa siku ya ubishi wa makutano. Tunamshukuru pia mwenzetu wa kiwiko, ambaye bado hajarudi kwenye gari lakini alikuja siku zote 5 akakaa safu ya mbele. Yeye ndiye aliyetuomba tusiipake rangi nguzo ile hadi wewe uione.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tutakuomba utukabidhi vyeti, kisha utembee nasi hatua chache hadi mlangoni. Ufunguo wa mkufunzi uko tayari.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, madereva, waendesha pampu na maofisa wa magari, washiriki wa mafunzo.