Kuhusu ubao wako, na zile kurasa tatu

Kwako Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku wazima, kikohozi kimeniacha, mengine tutayasema tukionana. Kiungo cha ubao wako wa Pinterest, kule unakobandika picha za riwaya yako, nimekipata, na kurasa tatu za riwaya nimezipata, na hili jambo linaniwasha, nisipoliandika leo nitalisahau nusu.

Kwanza la haraka: ufunge huo ubao! Bahati kanipigia usiku anauliza kama ni kweli Rehema anakufa. Namuuliza kajuaje, kumbe kaingia Pinterest kakuta una sehemu umeiandika kabisa "Mazishi ya Rehema", na picha za kaburi umezipanga vizuri. Mwenzangu, riwaya haijafika hata sura ya pili, mwisho wake tayari unatembea mjini. Ubao wa siri upo tangu mwaka 2012, ni kubadilisha kitu kimoja tu kwenye mipangilio. Nilimwambia huyo ni Rehema mwingine. Hakuamini.

Haya, uliniuliza nauonaje. Jicho unalo, hilo halina mjadala. Ile nyumba ya kando ya reli nimeipenda, na zaidi ile picha ya ukumbi, viti vyote vimeelekea mezani halafu kimoja kimegeuzwa kinatazama ukuta. Hiyo picha peke yake ningekaa nayo asubuhi nzima. Nani alikigeuza? Mtoto aliyeadhibiwa, au mtu mzima aliyekuwa hataki aonekane analia? Na kwa nini hakuna aliyekirudisha?

Lakini kaka yake Rehema, ah. Picha zote zile kidevu kilekile, mwanga uleule wa jioni, koti limetupwa begani. Najua zilivyofika hapo, maana ndivyo programu ile inavyofanya kazi: unabandika mmoja, inakuletea ndugu zake, unabandika ndugu, inakuletea binamu. Mwisho wa wiki mhusika huna, una ukoo wa wanamitindo. Na wengine nadhani hata hawajawahi kuzaliwa, ni kazi ya akili mnemba. Mtazame yule mwenye shati jeupe, vifungo vya upande wa kushoto vimeingia kwenye kitambaa bila tundu. Pinterest ilianza kuziwekea alama picha za namna hiyo mwaka 2025, ila nyingine zinapita tu. Sikukatazi kuzitumia. Ninachosema ni kwamba picha ya aina ile haina dakika ya kabla. Hakuna aliyechelewa kufika pale, hakuna aliyegombana njiani, kwa hiyo hadithi haina pa kushika.

Sasa kurasa. Umeandika: "Mama yake Rehema aliketi, uso umejaa huzuni ya miaka mingi." Nikasoma, nikapita. Nikarudi nikasoma tena, nikapita tena. Halafu nikafungua ubao, sehemu ya "Mama", nikaikuta ile picha ya Dorothea Lange, mpiga picha wa Kimarekani, yule mama na watoto walioigeuzia kamera visogo, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini sentensi ile imekutosha wewe. Uliiandika picha ikiwa wazi mbele yako. Kila ulipoisoma, macho yalikuwa yanajazia yale ambayo maneno hayakuyasema. Kwako sentensi imejaa pomoni. Kwangu mimi ni mtu ameketi.

Msomaji hana ubao wako, Salma. Hilo ndilo nililotaka kukuandikia, mengine yote ni maneno ya barua.

Na kwa kuwa umeichagua picha ile, acha nikuambie kitu. Lange aliipiga mwaka 1936 huko Nipomo, California, kwenye kambi ya wavunaji wa njegere, na aliondoka bila jina la yule mama. Lilikuja kujulikana kwa watu mwaka 1978, Florence Owens Thompson. Hakuipiga hiyo moja tu. Katika ile ya mbali unaliona hema lote, na binti mkubwa amekaa kwenye kiti, yaani mtu mzima kiasi ambaye katika picha maarufu hayupo kabisa. Tena kwenye ile maarufu yenyewe, pembeni chini kulia, palikuwa na kidole gumba cha mkono ulioshika mti wa hema. Lange aliona kinaharibu picha, akataka kifutwe kwenye negativu, yaani ile filamu yenyewe. Ukikuza vizuri, kivuli chake bado kipo.

Mimi ningekiandika kile kidole. Achana na huzuni ya miaka mingi, niandikie mkono ulioshika mti, na mti wenyewe unatikisika au hautikisiki. Niandikie binti aliyekatwa kwenye picha. Yeye alikuwa anawaza nini wakati mgeni mwenye kamera anasogea hatua kwa hatua kwa mama yake?

Hayo yote huyapati kwenye Pinterest, kwa sababu picha ikishabandikwa na kubandikwa tena maelezo yake yanapukutika. Negativu za Lange ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, na kule mtandaoni wameziweka na maelezo yake: wapi, lini, mara nyingine maneno ya mpiga picha mwenyewe. Maelezo ya mstari mmoja yamenipa hadithi nyingi kuliko nyuso nzuri. Jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan la New York nalo lilifungua picha nyingi za kazi lilizonazo mwaka 2017, unachukua bila kuomba ruhusa. Nakwambia hili pia kwa sababu ya lile wazo lako la jalada. Kutazama picha ya mtu ili uandike ni jambo moja, kuibandika kwenye kitabu unachouza ni jingine, na ile uliyoichagua sijui kama umejua ni ya nani. Iingize TinEye, ule mtandao wa kutafuta picha ilikotoka, kabla hujamlipa yule kijana wa jalada.

Usidhani nakwambia uache ubao. Watu walikuwa nao kabla ya intaneti. Aby Warburg, yule Mjerumani wa historia ya sanaa, alikuwa na mbao zilizofunikwa kitambaa cheusi, anabandika picha, anazihamisha, anapiga picha ubao mzima, anabandua, anaanza upya. Alifariki 1929 kazi haijaisha, toleo la mwisho lina mbao 63. Nilipouona ubao wako nilimkumbuka, na kusema kweli nikaogopa kidogo. Yeye angalau ubao ndio ulikuwa kazi yenyewe. Wewe unadaiwa riwaya.

Mimi nafanya hivi, kama itakufaa. Naitazama picha moja mpaka niichoke, kisha naifunga, siandiki. Kesho yake naandika kilichobaki kichwani bila kurudi kuangalia. Mara nyingi kinachobaki ni kitu kidogo cha kijinga, kamba ya kiatu, mlango usiofunga sawasawa, na rangi ya mwanga niliyoisifia jana imeshapotea. Basi hicho kidogo ndicho naanza nacho. Baadaye nikilinganisha na picha nakuta hata nimekosea, kamba ilikuwa ya mguu mwingine, na siibadilishi. Halafu najiuliza nani alikuwa ameshika kamera. Kwenye ukumbi wako, kwa mfano, kuna mtu amesimama mlangoni anakitazama kile kiti, la sivyo tusingekiona. Ni Rehema? Nilianza kufikiri labda ni... lakini hapana, riwaya ni yako, nisije nikakuharibia.

Mwalimu anasema umeacha kuja Jumamosi kwa sababu "unafanya utafiti". Alisema hivyo kwa namna yake ile, unamjua.

Sasa nijibu haya. Ukiufunga ubao kwa wiki moja, ni picha gani utaikumbuka bila kujitahidi? Mama yake Rehema mikono yake huwa inafanya nini anapokaa? Kaka mtu ana jina au bado unamwita "yule wa koti"? Kile kiti ni chako au kimekuja tu na picha? Na huyo Rehema lazima afe kweli, au ulipata picha nzuri za makaburi?

Nitumie ukurasa mmoja, wa mama, umeandikwa simu ikiwa chumba kingine. Ubao usinitumie tena kwa sasa. Mwambie mama yule fundi wake wa mashine sijampata bado, namba aliyonipa haiiti.

Wako,
Mwana