Nipigie picha ile sanamu ya Nairobi

Kaka Jumbe,

Shikamoo mama Neema, watoto salaam zao, sisi huku tupo, magoti tu ndo yanagoma. Chacha kaniambia unaenda Nairobi harusini nikaona nikuwahi kabla hujasafiri, nina shida na wewe.

Ile kazi ya minara ya Vita ya Kwanza ya Dunia bado niko nayo. Najua mnanicheka, eti mzee katoka jeshini kaingia polisi, kastaafu bado anapeleleza, tena marehemu! Chekeni tu. Ila we angalia sanamu ya Askari pale Samora, Dar, ipo tangu 1927, kabla yake Wajerumani walimweka gavana wao Wissmann hapohapo. Askari wa watu kaelekeza singe bandarini, kapendeza kweli, lakini zunguka jiwe lote hukuti jina la marehemu hata mmoja. Alafu nenda makaburi ya vita barabara ya Ali Hassan Mwinyi, afisa ana jiwe lake, jina, cheo, kikosi, tarehe. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa jeshi wakafia njiani kwa kuhara na malaria wako wapi? Sisi polisi maiti isiyo na jina ilitunyima usingizi, wale wakubwa wa jeshi wamefunga jalada wakaenda kunywa chai.

Na sisemi mimi, tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Masudi ananiambia achana nayo ilikuwa vita ya wazungu. Haya, vita ya wazungu, na maiti? Kanyamaza, kaagiza soda.

Sasa pale Kenyatta Avenue wako watatu wa shaba, mmoja mpagazi. Nipigie maandishi ya Kiswahili kwa karibu, herufi zisomeke, nenda asubuhi maana jua la mchana linafuta kila kitu. Huyo mpagazi mzungukie kabisa, mgongoni, mikononi, miguuni. Mgambo wakikuuliza wasalimie vizuri tu, usianze uafande wako.

Unaondoka lini hasa? Simu yako bado ina ule ufa kwenye kioo cha kamera? Na binamu yako wa Muleba anaweza kunipeleka Kaboya, kwenye makaburi ya wenzetu wa vita ya Kagera, au nae kastaafu kila kitu? Alafu ile hela ya Chacha, alikupa?

Wako,
Afande mstaafu