Kinyago cha kijani si katuni ya watoto

Mhariri,

Mtu mzima akiona uso wa kijani wenye meno makubwa kwenye jalada la kitabu cha katuni, anamkumbuka mwigizaji Jim Carrey na suti yake ya njano kwenye filamu ya The Mask, anacheka, anamnunulia mtoto. Anadhani kitabu kimetokana na filamu, kumbe filamu ndiyo iliyotokana na kitabu.

Hadithi hizo, kwa sura inayojulikana leo, zilianza kutolewa na kampuni ya Dark Horse ya Marekani mwaka 1989 ndani ya jarida la Mayhem. Mwandishi alikuwa John Arcudi na mchoraji Doug Mahnke. Mwaka 1991 zikapata mfululizo wao wenyewe, The Mask. Filamu ilikuja 1994. Mwongozaji wake, Chuck Russell, alikwishafanya filamu za kutisha, na wazo la mwanzo lilikuwa hii nayo itishe. Ilipoamuliwa ichekeshe, damu ikafutwa, vituko vikabaki.

Mhusika mkuu, Stanley Ipkiss, wa kwenye filamu ni mfanyakazi wa benki, mpole, ana mbwa wake, na kinyago, ambacho humpa anayekivaa nguvu za ajabu, anakipata majini. Wa kitabuni anakinunua dukani, kwenye vitu vya kale, akampe mpenzi wake Kathy. Kabla hajatulia kesha kivaa mwenyewe, na visasi vinaanza. Hamsahau mtu: hata mwalimu aliyemfundisha utotoni anafikiwa.

Tazama mafundi gereji waliomlaghai kwenye gari. Katika filamu wanatolewa kwenye machela wakiwa wamechomekwa mabomba ya ekzosi, wanagugumia, watazamaji hoi kwa kicheko. Kitabuni mafundi hawaponi.

Tofauti hiyo inatokana na kanuni moja ya uchoraji, na Mahnke anaishika barabara. Aliyevaa kinyago ana mwili wa katuni: risasi zikimtoboa matundu yanajiziba, shingo inavutika kama mpira. Anaokutana nao hawana mwili huo. Wao ni nyama na mifupa kama sisi. Kwa hiyo silaha ya kupindukia anayoichomoa mfukoni, ambayo kwenye katuni za televisheni ingeacha nundu kichwani, hapa inaacha maiti, na yeye bado anatania. Msomaji anacheka, halafu anajiuliza amecheka nini. Kwa maoni yetu hapo ndipo kitabu kinapoipita filamu, ingawa tunakiri kwamba suti ya njano inapendeza zaidi ikicheza dansi.

Jina nalo linawapoteza watu. Kitabuni, “the Mask” ni kile kinyago chenyewe. Anayekivaa huitwa Big Head, yaani Kichwa Kikubwa, na anaweza kuwa mtu yeyote. Stanley anauawa mapema, tena na Kathy akiwa amekivaa yeye. Kisha kinamwangukia Luteni Kellaway, yule polisi ambaye kwenye filamu ni wa kuzungushwa tu. Anakitumia kuwasaka wahalifu, anaona kinavyomteka, mwishowe anakifukia kwenye zege. Ndiyo maana anayeanza na The Mask Returns humtafuta Stanley ukurasa baada ya ukurasa asimwone, akarudisha kitabu akidai kina kasoro. Mpangilio sahihi ni The Mask, The Mask Returns, halafu The Mask Strikes Back. Zote 3 zimo kwenye juzuu la kwanza la mkusanyo uitwao The Mask Omnibus, na juzuu hizo ziko 2.

Vipo vya watoto pia. Baada ya filamu ilitengenezwa katuni ya televisheni iliyorushwa Marekani kuanzia 1995 hadi 1997, na kutokana nayo kukatoka vitabu vilivyoitwa Adventures of The Mask. Hivyo mtoto anaweza kusoma. Tatizo ni kwamba ukiwa mbali, uso kwenye majalada ni uleule, wa kijani na meno. Usihukumu kwa jalada. Fungua kurasa za mwanzo penye majina: ukimkuta Arcudi pamoja na Mahnke, kirudishe mezani au kinunue ujisomee. Kama kurasa za mwanzo zimechanika, kama ilivyo kawaida ya mitumba, fungua katikati uangalie kurasa tatu au nne mfululizo. Huna haja ya kujua Kiingereza. Wekundu utauona.

Tunaelewa makosa haya yanatoka wapi. Aliyelelewa na jarida la Sani, pamoja na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, amezoea kwamba vibonzo ni vya kufurahisha, na hata mabaya yakitokea yanaishia kwa mtu kuaibika. Mazoea hayo hayafai kwenye kila kitabu chenye picha.

Ombi letu ni kwa wauzaji wa vitabu: vya Arcudi na Mahnke viwekwe pamoja na riwaya za watu wazima, visichanganywe na vitabu vya kupaka rangi. Na ukurasa wenu wa burudani ukichapa ile sura ya kijani, basi maelezo chini ya picha yaseme ni ya filamu au ya kitabu.

Wasomaji wa vibonzo,
Dar es Salaam